Nukta ya Tatu

Mtu akibadilishwa goti leo, kesho asubuhi hujiwa na mgeni mwenye ombi dogo: nyoosha mguu, kisha uinue kidogo kutoka kwenye godoro. Ukiwa mzima hulioni kuwa ombi. Ukiwa umelala na goti jipya la chuma, ni kama kuambiwa uinue kitanda chenyewe pamoja na watu waliokikalia.

Mgeni huyo, katika wodi ya mifupa, alikuwa msichana mwembamba wa idara ya mazoezi ya viungo, mpole kiasi cha kubisha hodi hata kwenye pazia. Walimwita Mpimaji. Alitembea na rula ya plastiki yenye miguu miwili iliyoungwa kwa msumari, ya kupimia goti limekunjika nyuzi ngapi, na wagonjwa walishaibatiza Panzi. "Panzi huyo anaingia," walizoea kusema, "kila mtu afiche goti lake." Naye alicheka akitazama sakafu.

Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa akipima kwa ajili ya utafiti. Hospitali ilitaka kujua jambo moja. Kuna njia ya zamani ya kufungua goti, ambayo daktari hukata kano iliyo juu ya kifuniko cha goti, akamaliza kazi yake, kisha akaishona. Na kuna njia mpya: kano haiguswi, daktari huusogeza msuli wa paja kutoka upande wa ndani, kama mtu anayefunua shuka kutazama uvungu, akapita chini yake. Goti linalowekwa ni lile lile. Swali lilikuwa ni nani atakayesimama mapema. Bahasha iliyofungwa ndiyo iliyoamua nani akatwe vipi, na Mpimaji hakutakiwa kabisa kujua. Ndiyo maana kila mguu ulitoka chumba cha upasuaji umefungwa bandeji ya aina moja, kutoka paja hadi muundi. Mgonjwa mwenyewe hakuambiwa.

Siku ya Alhamisi, saa tisa mchana, Mtakwimu alimwita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa mashati yaliyonyooka na maneno machache, lakini siku hiyo meno yote yalikuwa nje.

"Kaa, Mpimaji. Nimefungua orodha. Tazama."

Akamgeuzia karatasi. Wagonjwa themanini na wanne, nusu kwa nusu. Walioweza kuinua mguu siku ya kwanza: wa njia mpya, thelathini na mmoja. Wa njia ya zamani, kumi na tisa.

"Bingwa ameshaona," akasema Mtakwimu. Bingwa ndiye daktari mkuu wa mifupa, mtu ambaye hata ngazi zilimpisha. "Kesho kwenye kikao anapitisha. Kuanzia Jumatatu magoti yote ni njia mpya. Na unajua wa kwanza kwenye orodha ya Jumatatu ni nani?"

Mpimaji alijua. Wa kwanza alikuwa shangazi yake.

Alipaswa kufurahi. Akaomba nakala ya orodha, akaenda nayo kwenye chumba cha mazoezi, akaketi kwenye benchi la kunyooshea miguu, na kutoa daftari lake dogo. Si fomu za utafiti. Hizo zilikuwa na kisanduku kimoja tu cha ndiyo au hapana. Hili lilikuwa lake, na pembeni mwa kila mgonjwa alikuwa na mazoea ya kuweka nukta, moja kwa kila jaribio la kuinua mguu. Kanuni ilisema majaribio mawili. Lakini mara nyingine, mgonjwa akikaribia, akitetemeka na jasho limemtoka puani, Mpimaji alishindwa kumwacha. "Jaribu mara moja tena, mama, ulikuwa umefika." Akaweka nukta ya tatu, mguu ukainuka, akaandika ndiyo. Huruma tu. Nani angekufa kwa nukta?

Sasa akaanza kuzihesabu. Wenye nukta tatu walikuwa kumi na watatu. Akaweka kidole kwenye orodha, jina baada ya jina.

Mpya. Mpya. Mpya. Zamani. Mpya. Mpya.

Alipofika mwisho kidole kilikuwa kimelowa. Kati ya kumi na watatu, kumi na wawili walikuwa wa njia mpya. Akatoa: thelathini na moja toa kumi na mbili, kumi na tisa. Kumi na tisa toa moja, kumi na nane. Kumi na tisa kwa kumi na nane. Hakukuwa na tofauti yoyote. Tofauti ilikuwa yeye.

Lakini alijuaje? Hakuambiwa. Hakuuliza. Angeapa mbele ya mtu yeyote kwamba hakujua.

Akainuka akaenda wodini, akasimama mlangoni bila kuingia. Kitanda cha kwanza alilala mwalimu mstaafu aliyepasuliwa jana. Mpimaji akajichunga kama anavyochungwa mwizi: jicho langu linakwenda wapi? Halikwenda usoni kwa mwalimu. Lilikwenda kwenye bandeji, juu, pale kipande cha plasta kilipoishikilia isifunguke. Kwa mwalimu plasta ilikuwa upande wa nje wa paja. Na kifuani mwake kitu kidogo kikasema, huyu ataweza. Kitanda cha pili plasta ilikuwa upande wa ndani. Kile kitu kidogo kikanyamaza.

Miezi yote wenye plasta ya nje ndio waliolalamikia upande wa ndani wa paja, pale msuli unaposogezwa; jicho lilishajifunza bila kumwambia. Akashika mlango.

"We mtoto, unauza mlango huo?" sauti ikamwita kutoka kitanda cha dirishani.

Shangazi alikuwa ameketi mguu umenyooshwa juu ya mto, miwani puani, akichambua uzi uliolegea kwenye pindo la shuka la hospitali. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, cherehani ya kukanyaga kwa miguu, na goti lake la kulia lilikuwa limelipia kila gauni. Yeye ndiye aliyemlea Mpimaji tangu alipokuwa na miaka sita. Alikuwa na mapaja manene na goti lililokakamaa, halinyooki likaisha wala halikunjiki likafika. Bingwa mwenyewe alikwisha kusema kwamba kwa mguu wa namna hiyo, kupita chini ya msuli ni kama kuingiza mkono mzima kwenye mfuko wa shati la mtoto.

"Mbona umesawijika? Umekula?"

"Nimekula, shangazi."

"Uongo. Tangu utoto ukidanganya unatazama miguu ya watu. Na sasa umepata kazi ya kuitazama, nitakujuaje?" Akamvuta aketi. "Daktari wako mkuu alikuja hapa. Nikamwambia, mimi ni fundi, usinifumbie, unanikata wapi? Akanichorea. Nikamwambia, hii ya kwanza unakata kisha unashona. Hii ya pili unafunua bitana. Kufunua bitana ni kuzuri, lakini nguo iwe na nafasi. Nguo ikibana, bitana huchanika mahali ambapo hukupanga."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akasema, mama, tusibishane, tuna vipimo. Nikamuuliza, kapima nani? Akakutaja wewe." Shangazi akakata uzi kwa meno. "Basi nikanyamaza. Nibishe nini tena?"

Mpimaji akafungua mdomo. Neno lilikuja hadi kwenye ulimi, likageuka, likarudi lilikotoka. Akasema anakwenda kuleta maji.

*

Kikao kilikuwa saa mbili asubuhi, katika chumba chenye viti vinane na watu kumi. Bingwa alisoma tarakimu mbili zile, polepole, kama mtu anayeonja. Mama Bandeji, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye hakuna mguu uliotoka mle bila kupita mikononi mwake, alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Alikuwa amefunga yote themanini na minne.

"Kama hakuna neno," akasema Bingwa, "tuendelee na orodha ya Jumatatu."

"Samahani."

Hakuna aliyesikia. Mpimaji akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake, na hapo ndipo wote wakageuka.

"Nina neno, daktari."

"Sema, Mpimaji. Paza sauti, magoti ndiyo hayana masikio, sisi tunayo."

Watu wakacheka. Akasubiri wamalize, kwa sababu hakujua jingine la kufanya, kisha akasema. Alisema akitazama daftari. Majaribio mawili, nukta tatu, kumi na wawili kwa mmoja. Aliposema kumi na tisa kwa kumi na nane, Mtakwimu alikuwa tayari ameichukua karatasi yake na kuanza kupiga hesabu kwa kalamu, haraka, kama anayezima moto.

"Hujui nani ni nani," Bingwa akasema. Hakupaza sauti. "Hiyo ndiyo maana ya kufunga bandeji. Uliwahurumia watu kumi na watatu, ikatokea hivyo. Ni bahati."

"Nadhani ninajua, daktari. Sikujua kwamba ninajua."

"Unadhani."

"Ndiyo."

Bingwa akavua miwani. "Wodini wamo watano waliopasuliwa wiki hii, wamo kwenye awamu ya nyongeza, hata Mtakwimu hajawaingiza. Majina yao na bahasha zao anazo yeye. Twende. Utatuambia mmoja mmoja."

Wakatoka kwa mstari. Kwenye ukumbi, Mtakwimu akapunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Sikiliza," akasema bila kumtazama. "Ukikosea wawili, watatu, imekwisha. Itaonekana ulikuwa unabahatisha. Nukta zako tutaziandikia maelezo chini ya ukurasa, na kazi ya watu itapona. Sikwambii ufanye. Nakwambia tu hesabu ilivyo."

"Na nikipata wote?"

"Kwa kubahatisha, ni mara moja katika thelathini na mbili. Hakuna atakayesema ulibahatisha."

Wakasimama mbele ya mwalimu mstaafu, watu kumi na makoti yao, mwalimu akavuta shuka hadi kidevuni. "Kuna nini, nimekufa?"

"Bado," akasema Bingwa. "Mpimaji."

Plasta nje. "Mpya."

Mtakwimu akatazama orodha. Akaweka alama tu.

Kitanda cha pili. "Zamani." Alama. Cha tatu, mzee aliyelala akikoroma. "Zamani." Alama. Cha nne, "Mpya," na mkono wa Mtakwimu ukachelewa kidogo kabla ya kushuka, uso wake ukiwa wa majivu. Hapo kila mtu alielewa alama zile zilikuwa za nini, na gurudumu la kitoroli cha dawa likasikika upande wa pili wa jengo.

Kitanda cha tano alilala mama mmoja mnene, mpole, aliyewatabasamia wote kama wageni wake. Plasta ilikuwa nje, tena vipande viwili. Mpimaji akasimama.

Wanne kati ya watano, akawaza. Nikikosea huyu mmoja watakuwa wanne. Wanne bado ni jambo la kuulizana. Wanne kuna mahali pa kujificha. Neno zamani lilikuwa limeshafika kwenye midomo yake, jepesi, halina uzito wowote. Kisha akainua macho, na nyuma ya mama yule, kwenye kitanda cha dirishani, shangazi alikuwa ameacha uzi wake na kumtazama. Hakuwa amekunja uso wala kutabasamu. Alikuwa anamtazama tu, kwa namna anavyotazama mshono kabla ya kuukubali, na mguu wake mnene ulikuwa juu ya mto bila bandeji yoyote.

"Mpya," akasema Mpimaji.

Mtakwimu akafunga kalamu.

"Unaangalia nini?" Bingwa akauliza.

Akanyoosha kidole. Wote wakaitazama plasta, kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Mama Bandeji. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

"Upande wa ndani msuli umevutwa," akasema taratibu. "Plasta nikiibandika pale inavuta ngozi penye maumivu. Naipeleka nje. Hawa waliokatwa kano hawana shida hiyo, hao naiweka ndani isiwakwaruze wakigeuka." Akageuza viganja. "Sikuwahi kukaa nikafikiri. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Mungu wangu, nilidhani ninawafariji."

Mama mnene akamshika mkono na kumwambia pole, bila kujua pole ya nini.

*

Bingwa alimwita Mpimaji pembeni, kwenye dirisha la ukumbi. Alikuwa akifuta miwani ambayo ilikuwa safi.

"Miezi kumi na mmoja."

"Ndiyo, daktari."

"Ulijua lini?"

"Jana. Saa tisa mchana."

"Ungeweza kunyamaza."

"Shangazi yangu ndiye wa kwanza Jumatatu."

"Na kama asingekuwa shangazi yako?"

Hilo hakulitarajia. Akalifikiria kweli, akisimama pale mikono imeshikana, na kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuuma.

"Sijui, daktari," akasema mwisho. "Ningependa kusema ningesema."

Bingwa akavaa miwani, akamtazama kama ndiyo kwanza amemwona. Kisha akasema kwa sauti ya kazi kwamba kipimo cha siku ya kwanza kinaanza upya na wagonjwa wapya. Kwamba plasta, kuanzia leo, ni mbele, katikati, kwa kila mguu. Na kwamba Mpimaji hatapima tena.

"Panzi umkabidhi mwenzako."

Alimkabidhi mchana huohuo. Mwenzake alikuwa mwanamume mrefu wa idara ileile, mnyoofu kama kanuni, ambaye wagonjwa walimwita Saa ya Ukutani. Mkono wa Mpimaji ulibaki mwepesi, haujui pa kwenda.

Bingwa mwenyewe alikwenda kuketi kwenye kitanda cha shangazi na kumweleza yote bila kupunguza.

"Kwa hiyo hamjui njia ipi ni bora," shangazi akasema.

"Hatujui."

"Jana ulijua."

"Jana nilidhani."

Shangazi akatikisa kichwa, akaonekana kuridhika kwa mara ya kwanza tangu alazwe. "Hilo ndilo neno lako la kwanza nililoliamini. Basi niingize kwenye bahasha zenu hizo. Lakini ukinifungua ukaona nguo inabana?"

"Nitaacha njia mpya nikate ninapopajua. Sitashindana na paja lako."

"Vizuri. Wengi wameshindana nalo wakaaibika."

*

Alipasuliwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Mpimaji alisimama nje ya mlango wa wodi, ambapo aliruhusiwa, na mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja. Alimwona shangazi kwa mkato: bega, mto, mguu uliofungwa. Plasta ilikuwa mbele, katikati. Jicho lake lilikwenda pale kwa mazoea, halikukuta kitu, likarudi. Hakujua. Bahasha ilisema nini, kisu kilipita wapi, hakujua, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

"Mama, majaribio ni mawili," sauti ya Saa ya Ukutani ikasema. "Nyoosha. Inua."

Kitanda kikalia. Mguu haukutoka kwenye godoro.

"La kwanza. Pumzika."

Shangazi alikuwa anahema. Mpimaji alijua kuhema huko. Ndiko kulikopanda ngazi na mafurushi ya vitambaa miaka yote. Akajikuta amekunja vidole vyake vya miguu ndani ya viatu, kana kwamba yeye ndiye anayeinua.

"La pili. Inua, mama."

Paja likakaza. Kisigino kikateleza, kikasimama, kikatetemeka. Ilikuwa pale pale, pale pa unywele mmoja, mahali ambapo Mpimaji alikuwa akisema, mara moja tena, mama, ulikuwa umefika. Kisigino kikabaki kwenye shuka.

"Basi. Ahsante."

"Ngoja kwanza," shangazi akasema kwa shida. "Nilikuwa nimekaribia. Mara moja tu."

"Ni mawili, mama. Samahani."

Mpimaji akaweka mkono kwenye mlango. Kuusukuma ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Meno yalikuwa yameuma mdomo wa chini mpaka akahisi chumvi. Akasikia kalamu ikiandika neno, neno refu kati ya yale mawili, na akaondoa mkono.

Saa ya Ukutani alitoka, akampita kwa heshima, fomu chini ya kwapa, Panzi mfukoni. Hatua zake zikaisha ukumbini.

Mle ndani shangazi hakujua kwamba anatazamwa. Alilala akitazama dari, akingoja pumzi irudi. Kisha akashika kingo za godoro kwa mikono miwili, akanong'ona jambo fulani, labda dua, labda tusi. Paja likakaza. Kisigino kikatetemeka kama safari ile, kikasita.

Kikaachana na shuka.

Ulikuwa upana wa vidole viwili, si zaidi. Aliushikilia mguu hewani peke yake, wenzake wamelala, hapana anayehesabu wala anayeandika, kisha akaushusha taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Mpimaji akafuta macho kwa mkono wa koti. Halafu akabisha hodi.